Vita vya Isagoras: jeshi lililorudi bila kupigana

Wengi wakisimulia ugomvi wa Sparta na Athens, miji miwili ya Ugiriki ya kale, huanzia mwaka 431 KK, Vita vya Peloponnesi vilipoanza. Mimi huanzia Eleusis, mji mdogo karibu na Athens, 506 KK, ambako hakuna aliyechomwa mkuki na bado Sparta ilishindwa.

Chanzo ni Isagoras. Alipokuwa arkoni (hakimu mkuu) wa Athens, 508 KK, alimwita rafiki yake Cleomenes, mfalme wa Sparta, amwondolee mpinzani wake Cleisthenes. Cleomenes akaja na askari wachache, akafukuza familia 700, kisha akataka kulivunja Baraza la mji. Baraza likagoma, wananchi wakainuka, naye akajikuta amezingirwa juu ya Acropolis, kilima chenye ngome cha Athens, pamoja na mwenyeji wake Isagoras. Siku ya tatu akatoka kwa mapatano, Isagoras akiwa nyuma yake.

Cleomenes aliporudi mwaka 506 KK kumsimika Isagoras, mpango ulikuwa mzuri: Wapeloponesi, yaani Sparta na washirika wake wa kusini, waingilie Eleusis, Waboeotia, majirani wa kaskazini, wateke vijiji vya mpakani vya Oinoe na Hysiai, Wachalkis waje kutoka kisiwa cha Euboea. Kasoro yake ni kwamba Cleomenes aliwaficha washirika lengo la safari. Hao hawakuwa raia wake. Kila mji ulikuja na watu wake, wengi wao wakulima walioacha mashamba. Pale Eleusis, majeshi yakitazamana, Wakorintho waliona vita si vya haki wakageuza. Akafuata Demaratus, mfalme wa pili wa Sparta, mwenye mamlaka sawa na Cleomenes juu ya jeshi lilelile. Wengine wote wakaondoka. Baadaye Sparta ikatunga sheria: vitani aende mfalme mmoja tu. Kwangu hilo ndilo tunda kubwa la vita hivi.

Athens, ambayo ilikuwa imeacha mipaka mingine ivamiwe ili ikabili tishio kubwa kwanza, sasa ikageukia kaskazini. Ikawapiga Waboeotia na kukamata mateka 700. Siku hiyohiyo ikavuka mlango-bahari wa Euripus kuingia Euboea, ikawashinda Wachalkis na kugawa ardhi ya matajiri wao kwa walowezi 4,000.

Kila mateka alikombolewa kwa mina 2, yaani drakma 200. Piga hesabu ya wale 700: mina 1,400, zaidi ya talanta 23 za fedha (talanta moja ni mina 60). Sehemu ya kumi ya fidia ilitengenezewa gari la shaba la farasi wanne kwa mungu wa kike Athena, na pingu za mateka zikatundikwa Acropolis.

Sparta ilipojaribu tena haikumleta Isagoras. Ilimwita Hippias, dikteta yuleyule wa Athens iliyemng'oa yenyewe mwaka 510 KK, na Wakorintho wakapinga tena.