Nyuzi za bisasi: kinachomshikiza kombe kwenye jiwe

Nyuzi za bisasi ni fungu la nyuzi za protini, imara na zenye kunyumbulika, ambazo kombe wa jamii ya Tridacna (mnyama wa baharini mwenye magamba mawili) huzitoa upande wa chini ili ajishikize kwenye jiwe. Hutengenezwa na tezi iliyo kwenye shina la mguu wake, ndani ya magamba. Mtazame kwa chini, karibu na bawaba inayounganisha magamba mawili, utaona uwazi mrefu. Ndiko nyuzi zinakotokea, na nyuma ya uwazi huo kuna nyama laini isiyo na kinga. Anayeweka tangi la kufugia viumbe wa matumbawe huvutiwa na rangi za joho, yaani nyama laini inayokunjuliwa kati ya magamba, na kusahau upande huu, ilhali ndiko kombe mwenye afya njema anakoumizwa kwa urahisi zaidi.

Ukubwa wa uwazi hukuambia mnyama akae wapi. Tridacna crocea na T. maxima wana uwazi mpana na ni wa kushika mwamba; crocea hujichimbia ndani ya chokaa ya matumbawe hadi magamba yake karibu yalingane na uso wa jiwe. T. squamosa ana uwazi wa wastani, naye hupenda kushika. T. derasa uwazi wake ni mwembamba, na akishakua huachana na nyuzi, akakaa kwa uzito wake mwenyewe. Huyo mchanga unamfaa. Maxima aliyelazwa mchangani mtupu huacha mlango wazi kwa minyoo na kaa wadogo. Kama lazima akae chini, mfukie jiwe bapa sentimita 2 au 3 chini ya mchanga ili apate pa kushika.

Ili ashike, mweke juu ya kipande kidogo cha jiwe, si kikubwa kuliko kiganja, chenye kijishimo cha kumzuia asibingirike. Uwazi uguse jiwe, joho litazame juu. Egemeza vijiwe viwili pembeni bila kubana magamba. Pampu isimpulizie moja kwa moja, kwa sababu mkondo mkali humfanya akunje joho na asitulie. Wengine hushika usiku huohuo, wengine huchukua wiki moja au mbili. Usitumie gundi wala mpira wa kufungia: gundi huziba uwazi, mpira humzuia kufungua magamba.

Kwa nini kipande kidogo? Crocea na maxima wanahitaji mwanga mkali, maana sehemu kubwa ya chakula chao hutoka kwa mwani wa hadubini wanaoishi ndani ya joho. Lakini kombe mgeni akiwekwa ghafla chini ya taa kali huweza kuungua na kupauka. Anza naye chini, kisha mpandishe hatua kwa hatua kwa wiki mbili au tatu. Akiwa ameshika kijiwe, unainua kijiwe, yeye hasumbuki.

Akishashika, usimvute kamwe. Nyuzi zinaweza kung'oka pamoja na tezi na nyama ya mguu, na jeraha hilo mara nyingi humuua ndani ya siku chache. Hamisha jiwe zima. Likishindikana, mwinue kidogo upande mmoja, upitishe wembe mpya ukilaza bapa juu ya jiwe, ukate nyuzi mbali na gamba. Kishungi kinachobaki kikining'inia kiache; atakiachia mwenyewe na kutengeneza nyuzi nyingine.

Kombe pia huweza kutupa fungu lake lote kwa hiari na kuhama. Mara moja si tatizo. Akirudiarudia, mahali hapamfai: pima mkondo, mwanga na maji. Chumvi iwe gramu 35 kwa kilo ya maji, joto digrii 25 hadi 27 za Selsiasi, kalisi miligramu 400 hadi 450 kwa lita, alkalini 8 hadi 11 dKH (kipimo cha ugumu wa kabonati). Usimweke ukingoni juu ya tangi. Akianguka kifudifudi, joho hukosa mwanga.

Adui mkubwa wa uwazi huu ni konokono wadogo weupe, wadogo kama punje ya mchele, wanaojificha humo mchana na kutoka usiku kumnyonya. Kombe asiyekunjua joho vizuri ilhali maji ni safi, mkague chini kwa tochi saa chache baada ya taa kuzimwa. Waondoe kwa kibanio, sugua gamba kwa mswaki laini ili kutoa mayai yao yenye utelezi, na rudia kila siku chache, kwa kuwa mayai yaliyosalia huanguliwa upesi.