Serveri yako inauliza "hii ni ya nani?"

Ndugu zangu, sasa hapa Bukavu mzazi analipa minervali, ni kusema feza za shule, kwa telefone akiwa zake Kadutu ama Nguba, hana haja tena ya kupanga mstari ku kese ya shule. Nyuma ya ile aplikesheni kuna programu tatu ama nne ziko zinaongea zenyewe kwa zenyewe, ya shule, ya feza za telefone, ya benki, moja inatuma ombi ingine inajibu. Ndizo tunaita huduma za webu. Kazi yangu ku chuo ni kuzijaribu kabla watu hawajazitumia, na kuna jambo linaniuma.

Wengi wakikuletea sisteme wanasema iko salama sababu iko na https na modepasi, lile neno la siri la kuingilia. Https inafunika njia tu, mtu wa katikati asisome. Haimzuii yule ameingia vizuri na modepasi yake halali, kiisha anataka kusoma za jirani.

Shule moja ilituomba tuangalie yao. Tukafungua konti mbili za majaribio, wazazi wawili wa kutunga, mtoto wa kwanza akapata namba 1457, wa pili 1458. Tukaingia kama mzazi wa kwanza tukaomba risiti ya mtoto wake, ikakuja. Kiisha kwenye lile ombi tukafuta 7 tukaweka 8, tukatuma. Serveri, ile mashine inatunza data na kujibu maombi, ikajibu 200, maana yake sawa, na ikatoa yote: jina, kilasi, deni, telefone ya mama. Ilipashwa kujibu 403, hauna ruhusa. OWASP, shirika la usalama wa programu, walitoa orodha ya hatari za API, ile milango programu zinaombana data, mwaka 2019 na tena 2023, na mara zote mbili kosa hili liko namba 1.

Kuficha buton kwenye aplikesheni haisaidie, maana mtu anaweza kutuma ombi bila aplikesheni, na Postman ama curl, vyombo vya kutuma maombi kwa mkono. Ni serveri yenyewe, kila ombi, ndiyo inapashwa kuangalia kama huyu mtu na hiki kitu vinahusiana.

Jaribio lingine tunalipenda sana kwetu sababu rezo inakatika kila saa: tuma malipo, kata intaneti mbele jibu halijafika, washa, tuma tena. Feza zikitoka mara mbili, mama amelipa minervali mbili na hajui. Kila malipo yapewe namba yake tangu kwenye telefone, serveri ikiiona tena irudishe jibu lile la kwanza, isikate tena.

Na PIN ya tarakimu 4 ni namba 10 000 tu, mashine inazimaliza upesi, kwa hiyo konti ifungwe mtu akikosea mara chache. TLS ndiyo kufuli ya https; TLS 1.0 na 1.1 zilishastaafishwa tangu 2021, zizimeni.

Wakuu wa shule, mbele ya kusaini, mwambieni fundi afungue konti mbili na abadilishe namba hapo hapo mnaona. Data za watoto ziko chini ya Kode ya Numerike ya nchi yetu, ya 13/3/2023.

Ile shule walitengeneza, tukarudia yote tangu mwanzo. Risiti ikajibu 403. Tukaomba buletini ya pointi kwa ile ile 1458, ikajibu 200.