Serotonini na sonona: ujumbe unaovuka mwanya

Seli za neva ubongoni kwa kawaida hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya wa nanomita 20 hivi. Unywele ni mnene kuliko huo mara maelfu. Mshtuko wa umeme ukifika ukingoni mwa seli, seli hutema kemikali, nazo huvuka mwanya na kunasa kwenye vipokezi vya seli ya ng'ambo. Kemikali hizo ndizo nyurotransmita: serotonini, noradrenalini, dopamini, glutamati na nyingine nyingi. Zikishafikisha ujumbe, hufyonzwa kurudi zilikotoka au huvunjwa na vimeng'enya.

Uhusiano wa kemikali hizo na sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, uligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View mjini New York, wagonjwa wa kifua kikuu walijaribiwa dawa iitwayo iproniazidi. Watu waliokuwa hoi kitandani wakachangamka, hamu ya kula ikarudi. Baadaye ikajulikana kwamba dawa hiyo huzuia kimeng'enya kinachovunja serotonini na noradrenalini. Miaka hiyohiyo reserpini, dawa ya presha inayopunguza kemikali hizo, iliripotiwa kuwaachia baadhi ya wagonjwa huzuni nzito. Ukiyaweka mawili hayo pamoja, ni rahisi kusema sonona ni upungufu. Daktari wa akili wa Marekani, Joseph Schildkraut, aliandika nadharia ya aina hiyo mwaka 1965, akilenga noradrenalini. Serotonini ilipata umaarufu mkubwa zaidi baada ya fluoksetini, dawa ya sonona, kuidhinishwa Marekani mwaka 1987.

Tatizo ni kwamba ubongo si tangi la kujazwa maji. Fluoksetini huziba njia ya kuifyonza serotonini ndani ya saa chache tu. Ingekuwa ni upungufu mtupu, mgonjwa angeamka kesho yake ana nafuu. Lakini siku ya tatu huenda akawa na kichefuchefu tu. Siku ya kumi bado anazinduka saa tisa usiku, kifua kizito, anaiangalia pakiti ya vidonge na kujiuliza anameza vya nini. Nafuu ya kweli mara nyingi huchukua wiki kadhaa, na watafiti wengi wanaona kwamba muda huo ubongo unarekebisha vipokezi na miunganiko ya seli zake. Inaniuma kwamba wapo wanaoacha dawa hapohapo, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia wasubiri.

Mwaka 2022 tathmini ya tafiti iliyoongozwa na daktari wa akili Joanna Moncrieff wa London haikupata ushahidi thabiti kwamba wenye sonona wana serotonini pungufu. Wengine wakaisoma kana kwamba dawa ni bure. Sivyo: parasetamoli hutuliza kichwa, na hakuna anayeumwa kichwa kwa kupungukiwa parasetamoli. Tena serotonini haiko peke yake. Esketamini, dawa nyingine ya sonona iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, hupitia mfumo wa glutamati, na baadhi ya wagonjwa hupata nafuu ndani ya siku moja.

Kwa mwenye baipola, ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, mambo ni magumu zaidi, kwani dawa ya sonona peke yake inaweza kumtoa kwenye huzuni ikamtupa kwenye maniya, yaani msisimko uliopitiliza. Yeye huhitaji dawa ya kutuliza mapandashuka, kama lithiamu. Ndiyo maana daktari makini, hata ukienda ukilia, atakuuliza kama uliwahi kukaa siku kadhaa bila kuhitaji usingizi, ukijiona una nguvu za ajabu. Mjibu kwa ukweli.