Chipu zishafika ukutani, sasa ni kujenga ghorofa

Juzi nilisimama kwa fundi simu pale Mwembe Tayari, Mombasa, ashaipiga bodi na bloa ya hewa moto mpaka ikalegea, akaing'oa chipu na kunitilia kiganjani, kitu cheusi hakizidi ukucha wa kidole gumba. Akaniuliza, mwalimu, hizi kila mwaka twaambiwa zimekuwa ndogo zaidi, zitapungua mpaka lini? Wanafunzi wangu wa elektroniki pia waniuliza hivyo hivyo, basi najibu hapa mara moja.

Ndani mna transista, yaani swichi za umeme. Chipu ya Intel 4004 ya 1971 ilikuwa nazo 2,300 hivi, chipu ya M1 ya Apple ya 2020 ina bilioni 16. Shida ni kuwa silikoni ni atomu, na atomu huwezi kuikata nusu ukabaki na silikoni. Kizuizi cha ndani ya swichi kikibaki unene wa atomu chache tu elektroni, zile chembe za umeme, zapenya ng'ambo hata swichi ikiwa imezimwa, kama mvua ya masika na ukuta wa udongo, chaji yaisha bure na simu yachemka mfukoni, na kwa joto letu hili la Februari ndo usiseme. Tena msibabaike na ile "nanomita 3" ya matangazo (nanomita ni mita moja ukiigawa kwa bilioni), siku hizi ni jina tu la kizazi cha chipu, sio kipimo cha kitu fulani mle ndani.

Wahandisi wafanyaje? Transista ilikuwa imelala, 2011 Intel wakaisimamisha kama pezi la papa ili lango, yaani sehemu inayoiwasha na kuizima, liishike pande tatu, 2022 Samsung wakaanza kuizungushia lango pande zote nne. Kuchora vitu hivyo kwataka mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5, na mashine zake zauzwa na kampuni moja tu, ASML ya Uholanzi, mle ndani leza yapiga matone 50,000 ya bati kila sekunde ndo yatoe mwanga huo, wallahi sio hadithi.

Sasa kiwanja kimejaa, kama kisiwa chetu, wapanda juu. Chipu juu ya chipu. Ila zile za katikati zakosa pa kutolea joto, hilo ndo laumiza vichwa kuliko yote.

Fundi akacheka, ati ghorofa yeye aijua kitambo, kwenye simu nyingi ram, chipu ya kumbukumbu, yakaa juu ya prosesa, ile chipu kuu, na yeye huzibandua kwa bloa. Nikamwambia baadhi ya hizi mpya zaungwa shaba kwa shaba, hakuna lehemu ya kuyeyusha. Akanyamaza, akachukua chipu yake kiganjani mwangu.