Kuchagua masomo ya darasa la tisa Marekani, na kiangazi kinachofuata

Fomu ya kuchagua masomo ya sekondari hapa Marekani kwa kawaida hufika nyumbani kati ya Januari na Machi, mtoto akiwa bado darasa la nane. Katika familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, iwe Columbus, Louisville, Dallas au Portland ya Maine, mtoto huijaza mwenyewe kwa kuwa ndiye anayesoma Kiingereza vizuri, mzazi hutia sahihi, na habari imeishia hapo. Kule tulikotoka hilo lisingekuwa na madhara makubwa, maana shule ndiyo inayopanga: darasa zima linakaa chumba kimoja na walimu ndio wanaoingia na kutoka. Huku kila mwanafunzi ana ratiba yake, ya vipindi sita, saba au vinane kwa kawaida, na anachochagua mwaka wa kwanza huamua kitakachowezekana mwaka wa nne. Ningependa mzazi na mtoto wayasome haya pamoja kabla ya sahihi.

Anzeni na mstari wa hisabati. Ndio ninaoupa muda mrefu kuliko mistari mingine yote, kwa sababu hisabati ya hapa hupandwa kama ngazi: Aljebra 1, Jiometria, Aljebra 2, Utangulizi wa Kalkulasi (Precalculus), kisha Kalkulasi (Calculus). Anayeanza Aljebra 1 darasa la tisa na kupanda daraja moja kila mwaka atafika Utangulizi wa Kalkulasi darasa la 12. Hiyo inamtosha kuingia vyuo vikuu vingi vya serikali. Lakini mtoto anayesema anataka uhandisi, au anayelenga vyuo vinavyokataa waombaji wengi, atashindana na wenzake waliokwisha soma Kalkulasi, na darasa la 11 ni kuchelewa mno kuligundua hilo.

Daraja moja linaweza kuokolewa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuanza na Jiometria moja kwa moja, baada ya kufanya mtihani wa upimaji. Njia hii husahaulika zaidi kwa watoto waliofika karibuni. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha pili Tanzania au Kenya ameshakutana na milinganyo, vipeo na grafu, lakini huwekwa Aljebra 1 kwa sababu tu hakuna aliyeikagua ripoti yake ya shule. Pelekeni ripoti hiyo, na kama ni ya Kifaransa ipelekeni na tafsiri yake, kisha ombeni kwa maandishi mtoto apimwe. Ya pili ni kusoma Jiometria na Aljebra 2 kwa pamoja darasa la kumi. Inawezekana kwa sababu Aljebra 2 hutegemea zaidi Aljebra 1 kuliko Jiometria. Ya tatu ni kusoma Jiometria wakati wa kiangazi. Mimi hupendelea ya pili kuliko ya tatu. Kozi ya kiangazi hubana kazi ya mwaka mzima ndani ya wiki chache, na kinachopunjwa kwanza ni uthibitisho, yaani kueleza kwa sentensi, hatua kwa hatua, kwa nini jambo ni kweli. Mtoto ambaye Kiingereza chake bado kinakua huhitaji muda mrefu zaidi hapo.

Kuna kosa moja ambalo mzazi anaweza kulizuia kwa swali moja. Wakati mwingine mgeni huwekwa kwenye darasa la hisabati la chini kabisa kwa sababu ya kiwango chake cha Kiingereza, ingawa hesabu anaziweza. Muulizeni kaunsela wa shule: "Je, darasa hili linahesabiwa kama krediti ya hisabati ya kuhitimu?" Jibu likiwa hapana, au likiwa "ni krediti ya somo la hiari," msitie sahihi siku hiyo.

Krediti ndiyo sarafu ya shule hizi. Somo la mwaka mzima kwa kawaida huleta krediti moja, la nusu mwaka nusu krediti, na kila jimbo lina kiwango chake cha chini cha kuhitimu. Ohio ni krediti 20, Kentucky 22. Texas msingi ni 22, lakini anayechukua mchepuo maalumu hufikisha 26, na mchepuo huo hutajwa kwa maandishi mwanafunzi anapoingia darasa la tisa. Wilaya ya shule inaweza kuongeza juu ya kiwango cha jimbo, kwa hiyo ombeni karatasi ya masharti ya kuhitimu ya shule yenyewe, na mpango wa miaka minne ulioandikwa, wenye jina la mtoto. Kaunsela mmoja anaweza kuwa na mamia ya wanafunzi. Mwenye karatasi mkononi huhudumiwa haraka kuliko anayekuja na wasiwasi tu.

Madarasa ya ESL (Kiingereza kwa wenye lugha nyingine)

Hapa haki za kisheria zina maana kubwa, na familia zetu hazizitumii vya kutosha. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, mwaka 1974, na sheria ya bunge ya mwaka huohuo kuhusu fursa sawa za elimu, shule inalazimika kumsaidia mtoto ajifunze Kiingereza bila kumnyima masomo mengine. Haifai kumzuia kuingia darasa la Honors (la kiwango cha juu kuliko la kawaida) au la ufundi kwa sababu tu bado yuko ESL. Pia shule inapaswa kumpa mzazi taarifa muhimu kwa lugha anayoielewa. Ombeni mkalimani wa Kiswahili, wa ana kwa ana au wa simu, bila malipo, na msimfanye mtoto kuwa mkalimani wa kikao kinachomhusu yeye mwenyewe.

Ratiba yenyewe inahitaji jicho. Mtoto mwenye vipindi viwili vya ESL kati ya saba amebakiwa na vitano, na hisabati, sayansi na historia zinachukua vitatu. Kuna ESL inayohesabiwa kama krediti ya Kiingereza na kuna inayohesabiwa kama somo la hiari. Anayekusanya za aina ya pili kwa miaka miwili hujikuta darasa la 11 akidaiwa Kiingereza cha darasa la tisa. Ulizeni kipindi kipi ni kipi. Wachezaji wa soka na wakimbiaji wanaotamani kucheza chuoni wana sababu ya ziada: NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hudai kozi 16 za msingi, na si kila ESL hukubaliwa humo.

Kwenye mstari wa lugha ya kigeni, mtoto aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura asiwekwe Kifaransa 1 pamoja na wanaoanza kusema bonjour. Apimwe aingie Kifaransa 3 au 4, kisha AP French mwaka unaofuata (AP ni somo la kiwango cha chuo linalosomwa sekondari). Hapo ana nafasi nzuri ya alama kubwa na ya kutambuliwa na vyuo, tena kwa somo ambalo Kiingereza hakimbani. Kiswahili nacho kina thamani yake. Majimbo mengi hutoa muhuri wa umahiri wa lugha mbili kwenye cheti cha kuhitimu, na wilaya nyingi hukubali Kiswahili kikithibitishwa kwa mtihani unaotambulika. Kwa hiyo kusoma na kuandika Kiswahili nyumbani ni maandalizi ya kweli.

Masomo magumu mangapi?

Kwa mwaka wa kwanza mimi hupendekeza Honors moja au mbili, zisizidi, na mojawapo iwe hisabati au Biolojia. AP ambayo shule nyingi hufungulia darasa la tisa ni AP Human Geography. Ni somo zuri, ila lina msamiati mzito, na mtihani wake wa Mei una maswali 60 ya kuchagua yanayopaswa kujibiwa kwa dakika 60, kisha maswali matatu ya kuandika. Anayesoma Kiingereza taratibu ataujua mji, uhamaji na kilimo vizuri na bado akaishiwa na muda. Kwake ningeliacha hadi mwaka wa pili.

Wanafunzi wengi huambizana kwamba alama za darasa la tisa hazihesabiwi. Angalieni hesabu yenyewe. Mwenye wastani (GPA) wa 2.5 kati ya 4 mwaka wa kwanza, kisha 3.7 wa pili na 3.7 wa tatu, huomba chuo akiwa na 3.3. Bila mwaka ule wa kwanza angekuwa na 3.7, na ufadhili mwingi hukata mstari katikati ya namba hizo mbili. Chuo Kikuu cha California hukokotoa wastani wake kwa alama za darasa la kumi na la 11, pamoja na viangazi vinavyopakana nazo, lakini hata huko masomo ya darasa la tisa lazima yawe yamefaulu kwa C au zaidi ili yahesabiwe kati ya 15 yanayodaiwa. D inayompitisha mtoto shuleni kwake haimpitishi pale.

Masomo ya hiari chagueni kwa kuangalia yanakoelekea. Mafunzo ya usaidizi wa uuguzi, uchomeleaji au kompyuta kwa kawaida hutoa cheti darasa la 11 au 12, lakini nafasi hupewa kwanza waliosoma kozi ya utangulizi mapema. Mtoto anayeota kazi ya hospitali aiweke kozi hiyo ya utangulizi darasa la tisa.

Agosti ratiba ikitoka, ikagueni siku hiyohiyo. Muda wa kubadilisha huwa mfupi, mara nyingi wiki mbili hivi za mwanzo, na darasa likijaa limejaa.

Kiangazi baada ya darasa la tisa

Kama kuna F kwenye somo la msingi, kiangazi kimeshapata kazi: shule ya Juni ya kurudia krediti. Hisabati hasa isisubiri, maana mwaka ujao unaanzia palepale ilipokatikia.

Asiye na deni atafute kwanza Upward Bound, mpango wa serikali kuu kwa watoto wa kipato kidogo au ambao wazazi wao hawana shahada. Hauna ada, huwa na wiki kadhaa za masomo chuoni wakati wa kiangazi, na wakimbizi na wenye ukazi wa kudumu wanaruhusiwa. Fomu hutafutwa wakati wa baridi. Anayeanza kuuliza Mei hukuta nafasi zimekwisha.

Kazi ya mshahara inaanza na miaka 14. Sheria ya shirikisho huwaruhusu wa miaka 14 na 15 kufanya hadi saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki shule zikiwa zimefungwa, kati ya saa 1 asubuhi na saa 3 usiku kuanzia Juni 1 hadi sikukuu ya wafanyakazi ya Septemba. Shule zikifunguliwa inashuka hadi saa 3 kwa siku na 18 kwa wiki, mwisho saa 1 jioni. Majimbo mengi hudai pia kibali cha kazi, na mara nyingi shule ndiyo inayokitoa.

Barua nzuri zenye muhuri wa dhahabu, zinazomwalika mtoto kwenye kambi ya uongozi kwa maelfu ya dola, wekeni kando. Kualikwa huko si tuzo, na maofisa wa udahili wanajua kwamba kilicholipiwa ni nafasi.

Safari ya nyumbani inamjenga mtoto na siipingi. Kateni tiketi baada ya kuona kalenda ya wilaya: mitihani ya mwisho huweza kufika Juni, na baadhi ya shule hufunguliwa mapema Agosti. Kuna shule zinazomfuta kwenye orodha mwanafunzi asiyetokea siku za mwanzo, na akirudi hupewa madarasa yaliyobaki.

Anayebaki nyumbani akilea wadogo zake, au akimtafsiria bibi kliniki, naye ana shughuli ya kuandika. Fomu ya kuomba chuo iitwayo Common App, inayotumiwa na vyuo vingi, ina nafasi 10 za shughuli, na majukumu ya familia ni kundi mojawapo, sawa na kazi ya mshahara. Huuliza ni saa ngapi kwa wiki na wiki ngapi kwa mwaka, kuanzia darasa la tisa. Nunueni daftari dogo, na kila Jumapili mtoto aandike tarehe, saa, alichofanya na jina la mtu mzima aliyemwona akifanya.