Mvua za Dodoma: "Wastani" Maana Yake Nini?

Msimu ukifika katikati, malalamiko huja yaleyale kutoka Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa: "Wataalamu mlisema mvua za wastani, mbona mahindi yamekauka?" Uchungu huo tunauelewa. Mkulima aliyepoteza mbegu ya kwanza mara nyingi hana ya pili. Hata hivyo, taarifa ile ya utabiri wa msimu ilisomwa nusu.

Wastani tunaoutumia sisi wa hali ya hewa hutokana na vipimo vya miaka 30, kwa sasa 1991 hadi 2020. Utabiri wa msimu ukisema "wastani", maana yake ni asilimia 75 hadi 125 ya kiwango hicho. Chukua kituo chenye wastani wa milimita 560 kwa mwaka: aliyepata 420 yumo, aliyepata 700 naye yumo. Hao hawawezi kulima zao moja kwa namna moja. Tena jumla haisemi mvua ilinyesha lini. Dodoma ina msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na ndani yake hukatika, mara nyingi Februari. Mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, wiki mbili za jua kali zinatosha kuyamaliza, hata kama Machi itamwaga maji na jumla ikatimia. Mtama na uwele huvumilia. Hili limesemwa miaka mingi, na bado watu wanapanda mahindi shamba zima.

Lingine ni El Nino, yaani kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki. Ikitajwa tu, kila mtu anasubiri mafuriko. Uhusiano wake ulio wazi zaidi ni na mvua za vuli za kaskazini na pwani. Katikati ya nchi uhusiano huo ni dhaifu.

Wapo pia wanaodai kwamba zamani mvua hazikuwa na matatizo. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, ikaufunga 1951. Ukame na udongo unaoshupaa kama saruji vilichangia kuuangusha. Kilichobadilika bila shaka ni joto. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa duniani, na joto likiongezeka udongo hukauka haraka, kwa hiyo mvua ileile humfaa mkulima kidogo kuliko ilivyomfaa baba yake.

Kwa wenye kipima mvua shuleni au kijijini: kiwekwe mahali pa wazi, mbali na mti au paa angalau mara mbili ya urefu wa mti au paa hilo. Kisomwe saa 3 asubuhi kila siku, hata siku isiyo na mvua, na siku hiyo iandikwe sifuri. Kuacha nafasi wazi si sawa na sifuri. Kisha kimwagwe. Milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Kuharibu au kuhamisha vifaa vya vituo rasmi ni kosa, na utabiri wa kubuni unaosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp nao unaweza kumfikisha mtu mbele ya sheria.

Kabla ya kununua mbegu, mwulize afisa ugani mambo matatu kuhusu wilaya yako: mvua zinatarajiwa kuanza wiki ipi, kuisha wiki ipi, na vipindi virefu vya ukavu vinatarajiwa lini.