Mifupa ya sukari kwa usiku wa Oktoba 31

Wiki ya mwisho ya Oktoba ikifika, oda zinazoingia jikoni kwetu huku Minnesota hubadilika ghafla. Watu wanaacha maua ya krimu na kuanza kuagiza buibui, mboni za macho na vidole vilivyokatwa. Kuoka keki na vitindamlo ndiyo kazi yangu, na katika vyote ninavyotengeneza kwa ajili ya Halloween, yaani sikukuu ya mizuka ya usiku wa Oktoba 31, ninachokipenda kuliko vingine ni mifupa ya meringi: ute wa mayai na sukari, vikapigwa pamoja na kukaushwa mpaka vikawa vigumu na vyepesi. Rangi nyingi hazitishi. Kinachotisha ni weupe mkavu, na kitu chekundu pembeni yake.

Mifupa ya sukari haikuanzia Marekani. Kule Sisilia, kwa ajili ya Novemba 2, siku ambayo Wakatoliki huwakumbuka marehemu wote, kuna biskuti ziitwazo ossa dei morti. Ni unga, sukari na karafuu. Kinyunya hukatwa vipande vikaachwa vikauke siku kadhaa, ndipo vikaingizwa ovenini. Moto ukivikuta, sukari iliyo ndani huyeyuka na kutiririka chini, ikafanya kitako cha kahawia, na juu pakabaki ganda jeupe lenye uwazi ndani. Mexico nao, siku hizohizo, wana mafuvu ya sukari na pan de muerto, mkate wenye mifupa ya kinyunya juu yake. Halloween yenyewe ilishika mizizi Marekani pamoja na wahamiaji wa Ireland na Scotland katika karne ya 19. Nimewataja Wasisilia kwa sababu wao wameshika jambo ambalo waokaji wengi wa nyumbani hulisahau: mfupa hutaka kukaushwa, si kuokwa tu.

Vipimo ni rahisi kukumbuka, kwa sababu sukari ni mara mbili ya uzito wa ute. Mayai 4 makubwa hutoa karibu gramu 120 za ute, kwa hiyo pima sukari gramu 240, na nusu kijiko cha chai cha maji ya ndimu. Ute usiwe na hata chembe ya kiini, maana mafuta ya kiini huzuia povu kushikana. Tumia bakuli la chuma au la kioo, ulifute kwanza kwa siki. Bakuli la plastiki hubaki na mafuta hata likioshwa.

Njia ninayoitumia ni ile ya Waswisi. Weka ute, sukari na ndimu kwenye bakuli, bakuli likae juu ya sufuria yenye maji yanayotokota kidogo, kitako chake kisiyaguse maji. Koroga bila kuacha mpaka kipimajoto kisome nyuzi 71 za Selsiasi. Joto hilo lina kazi mbili. Kwanza, linaua vijidudu vya salmonela, jambo la maana sana unapowalisha watoto wa watu. Pili, linayeyusha sukari yote. Chovya vidole viwili usugue: ukisikia chembechembe, endelea kukoroga. Sukari isiyoyeyuka ndiyo inayokuja kutoa matone ya shira juu ya meringi, na mfupa unaotoa jasho hauwezi kumtisha mtu.

Ukishautoa motoni, upige kwa mashine kwa kasi kubwa mpaka bakuli lipoe na ukiinua kipigio ncha isimame wima, iking'aa. Kinachotokea humo ndani ni hiki: protini za ute, ambazo zilikuwa zimejikunja, hufunguka na kushikana kuzunguka viputo vya hewa, na shira nzito ya sukari huyazuia maji yasichuruzike. Ndimu huzipunguzia protini hizo pupa ya kung'ang'aniana, povu lisije likakatika.

Sasa umbo. Tia meringi kwenye mfuko wa kupambia keki wenye tundu la duara la sentimita 1. Kwa mfupa, minya vitone viwili vilivyogusana, vuta mstari wa sentimita 8, malizia kwa vitone viwili vingine. Usivilinganishe. Kitone kimoja kiwe kikubwa kuliko mwenzake, na mstari upinde kidogo katikati. Mfupa ulionyooka kama rula unaonekana umetoka kiwandani. Palipobaki kijimkia, kilaze kwa ncha ya kidole iliyolowa maji.

Mizuka ni rahisi zaidi. Shika mfuko wima, minya kitako kipana, punguza nguvu huku ukipanda, kisha acha kuminya na uvute juu haraka. Ila macho ndiyo yanayoamua kama umetengeneza mzuka au mdoli. Macho ya duara yaliyo juu, karibukaribu, humfanya mtu atabasamu. Yafanye marefu, yashushe kidogo, yaachanishe, na chini yake uweke mdomo mmoja ulio wazi, mrefu kuliko macho. Tumia chokoleti nyeusi iliyoyeyushwa na kijiti cha meno, na uyachore baada ya meringi kukauka, si kabla.

Oveni iwe nyuzi 95, trei iwe na karatasi ya kuokea, muda ni saa 2. Usiongeze moto ili umalize mapema. Ute una glukosi kidogo, nayo ikikutana na protini kwenye moto mkali hugeuka manjano kisha kahawia, na hewa inayotanuka kwa haraka hupasua ganda. Saa 2 zikiisha, zima oveni na uache kila kitu humohumo, mlango umefungwa, mpaka ipoe kabisa. Mfupa uliokauka hujitoa kwenye karatasi wenyewe, na chini yake haunati.

Huku mwisho wa Oktoba tayari tumewasha hita, hewa ya ndani ni kavu, na meringi hukaa vizuri. Mnaoishi Mombasa, Tanga au Unguja mna kazi zaidi, kwa kuwa sukari hunyonya unyevu wa hewani tangu dakika inapotoka ovenini. Iacheni ovenini usiku kucha, na asubuhi ihamishieni moja kwa moja kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, bila kuiweka mezani hata kidogo.

Viini 4 vilivyobaki vinatosha kutengeneza kaburi lenyewe, yaani kastadi ya chokoleti ya kusimikia mifupa. Changanya viini na sukari gramu 80, konflawa gramu 25 na kakao gramu 25, mimina maziwa ya moto mililita 500 kidogokidogo, rudisha jikoni ukikoroga. Ikianza kutokota usiogope; iache itokote dakika nzima huku unakoroga. Viini vina kimeng'enya kinachovunja wanga, na kisipouawa na moto, kastadi iliyokuwa nzito jioni huamka asubuhi imekuwa uji. Toa, yeyushia humo chokoleti gramu 100, mimina kwenye bakuli pana, poza kwenye friji. Udongo wa juu ni biskuti nyeusi za kakao zilizopondwa, nyingine unga, nyingine mapande.

Kwa damu, achana na rangi za chupa, maana hutoa wekundu wa rangi ya ukutani. Chemsha choya kavu gramu 20, yaani rosela, katika maji mililita 300, chuja, ongeza sukari gramu 150 na uache ichemke mpaka igande kidogo mgongoni mwa kijiko. Inatoka nyekundu iliyokolea, karibu na nyeusi, na uchachu wake unakata utamu wa meringi, ambao peke yake unachosha. Huku Marekani choya hupatikana kwenye maduka ya Wamexico kwa jina la jamaica.

Akija mtoto asiyekula mayai, maji ya dengu nyeupe za kopo hupigika yakawa povu kama ute. Mfaransa Joël Roessel ndiye aliyelionyesha hilo mwaka 2014. Yachemshe kwanza yapungue kwa theluthi moja, na uyapige kwa muda mrefu zaidi. Kastadi nayo aipate ya konflawa tupu, bila viini.

Mifupa isiguse kastadi mpaka wageni wawe wamekaa. Upande unaoingia kwenye udongo uchovye kwenye chokoleti iliyoyeyuka uache ugande, utachelewa kulowa. Iliyovunjika itangulize, kwa kuwa ncha zake kali husimama vizuri kuliko mizima. Kisha pitisha brashi kavu yenye kakao kidogo kwenye viungo, ionekane imefukuliwa, na choya uimwage mezani, watoto wakitazama.